Mbavu za Gari la Maternite

Nilipofika matangani kwa Salumu, kilichonisimamisha mlangoni si kilio cha wanawake, ni benchi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye pikipiki, vumbi la njia ya Punia limenijaa hadi kwenye kope. Nikasukuma mlango wa ua wake pale Kasuku, mtaa wa Kindu, nikaona wazee wameketi kando ya ukuta juu ya chuma kirefu, kipana, chenye michirizi iliyoinuka, kimelazwa juu ya matofali machache. Michirizi ile nilikuwa naijua. Mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu, magoti hayanitii na majina ya watu yananipotea, lakini chuma kile nilikitambua papo hapo. Mwanamke mmoja akanisogezea nafasi mwishoni mwake. “Mama, ikala hapa, umetoka mbali.” Nikamwambia nitasimama. Akadhani ni huzuni, akaniacha.

Salumu alikuwa dereva wa maternite, nyumba ya kujifungulia, na mimi nilikuwa mkunga niliyepanda gari lake. Alikuwa amezikwa jana yake. Kwa Waislamu maiti haingoji wageni. Nilikuwa bado nimesimama pale na mfuko wangu begani wakati alipoingia mzee mwenye fimbo, kofia ya sufi kichwani, amesindikizwa na wajukuu wawili. Watu wote wakainuka. Akaletewa kiti cha plastiki, kile kimoja chenye mikono. Ilinichukua muda kumjua kwa sababu amekonda, ila sauti haikukonda. Alikuwa Lukundo, yule tuliyekuwa tukimwita Sitwayeni Prezida, Raia Mwenyekiti, mkuu wa kamati ya chama katika komini, serikali ya sehemu yetu ya mji. Siku hizi, nikaambiwa, ndiye anayeombwa kusema kwenye misiba yote mikubwa ya mtaa, maana ana maneno mazuri. Akasema maneno yake mazuri. “Salumu alikuwa shofele wa kweli. Ile gari ya maternite tulimupatia, aliichunga kama jicho yake. Na hata siku moja hakukatala neno ya wakubwa.” Watu wakaitikia kwa kichwa. Damu ikanipanda hadi masikioni, na nikajua kwamba mwaka ule, ambao nimeubeba tumboni kwa muda mrefu kuliko mtoto yeyote, sitakufa nao bila kuueleza.

Ulikuwa mwaka wa pili wa kazi yangu. Jina langu la ubatizo lilikuwa limefutwa kwenye karatasi kwa amri ya serikali, kama la kila mtu, nikabaki Feza, na sikulisikitikia. Wanaume walivaa abakosti zilizofungwa vifungo hadi kooni katika joto la mto, na asubuhi kazini hatukuanza na wagonjwa, tulianza na animasiyo: kuimba na kucheza kumsifu Kiongozi, daktari na mfagizi mstari mmoja, mikono juu. Vijana wa leo wakiona picha za wakati ule hucheka nguo zetu. Mimi sicheki. Maternite ilikuwa nyumba ndefu ya matofali nyuma ya ofisi za komini, yenye vyumba viwili vya vitanda, na kimoja ambacho tulikiita saluni, yaani sebule, ingawa kilikuwa na meza tu na kabati la dawa lisilo na dawa. Chumba nilichokipenda ni jiko. Lilikuwa la kuta nne kamili, lenye mlango wa mbao uliofungika vizuri, na humo ndimo tulimoishi. Mpishi alipika wali wa Maniema, ule mwekundu mdogo, na sombe, majani ya muhogo, iliyotiwa mawese hadi ikang’aa, na siku za bahati samaki wa Lualaba, mto wetu. Tulikula sote, mikono kwenye sinia moja, mlango umefungwa, na watu wakasema waliyokuwa nayo moyoni. Nani amekula sukari ya koperative, duka la ushirika. Nani amepelekwa Kinshasa na hajarudi. Salumu ndiye aliyekuwa na ulimi mkali kuliko sote. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kicheko cha puani, na alipokuwa akimwigiza Lukundo akipanda jukwaani, tumbo mbele, mpishi alilazimika kuacha mwiko ili acheke.

Gari lenyewe lilikuwa la aina ile ya zamani, refu, lenye milango miwili kila upande na mmoja nyuma. Masista walilileta, kisha likawa la serikali, kisha, bila mtu kutangaza, likawa la kamati. Kazi yake ilikuwa kuvuka mto kwa baki, ile feri ya Alunguli, na kwenda kuwachukua wanawake walioshindwa kujifungua katika njia ya Kampene. Anayeijua njia ile hahitaji maelezo. Asiyeijua afikirie udongo mwekundu uliooshwa na mvua hadi mawe yakabaki yamesimama peke yake katikati, na magogo mawili mahali pa daraja. Mwanzoni mwa mwaka ule tulishukia jiwe moja karibu na Pangi, gari likalia, na ule ukingo wa bati ulio chini ya milango ukakunjika kuelekea juu. Tangu siku hiyo milango ya upande wa kulia ikawa haifunguki mpaka ipigwe teke. Siku hiyo hiyo tulikuwa na mwanamke ndani, mwenye mapacha, na kwa kuwa udongo ulikuwa umeziba mlango wa nyuma na ule ulio nyuma ya dereva, ilibidi tumpitishe juu ya kiti cha dereva kama gunia la mpunga. Alipona na mapacha wake wakapona. Nikamwambia Salumu, niliyemwita yaya kama kaka mkubwa, “Yaya, hii gari siku moja itatufungia muntu.” Akasema analijua hilo, na kwamba gari linataka mbavu.

Mbavu ndivyo alivyoviita vile vyuma viwili vya kuwekwa ubavuni, kimoja kila upande, chini ya milango. Kazi yake ni moja. Gari likishukia jiwe, jiwe likutane na chuma kabla ya kukutana na ukingo wa mlango, kisha gari liteleze juu yake liendelee na safari. Hayo sikuyasoma popote. Tuliyajua sote wawili kwa kulala kifudifudi kwenye matope kila wiki tukitazama kilichovunjika. Tulikubaliana kwamba chuma kishikwe na shasi, uti wa mgongo wa gari, si na bati la bodi, na kwamba kibane juu kabisa, kisining’inie. Tuligombana juu ya chuma gani. Kindu ni mji wa reli, na mtu wa Kindu haamini chuma kingine. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning’inizwa na kugongwa kwa bolti. Kengele ya kanisa vilevile. Mafiga ya jiko letu reli, kivuko cha mtaro mbele ya msikiti reli, nguzo za kuanikia mashuka ya wazazi reli. Salumu akasema mbavu za gari lake zitakuwa za reli, kwisha. Nikamwambia reli ni nzito, na ina kisigino kitakachonasa kwenye jiwe badala ya kuteleza, tuchukue bomba nene la duara kutoka kwenye rundo la vyuma vikuukuu vya karakana. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. “Bomba njo kitu ya maji, Feza.”

Tuligombana hivyo majuma mazima, juu ya sinia, na ninakumbuka ugomvi ule kwa furaha, ndiyo furaha pekee iliyomo katika mwaka ule. Wapishi na wafagizi waligawanyika, wa reli upande huu, wa bomba upande ule. Mwishowe Salumu akaazima reli mbili, akazifunga kwa minyororo ubavuni mwa gari ili anionyeshe, tukashuka hadi kwenye baki. Gari lilikuwa limeinama kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Kwenye mteremko wa kupandia feri, reli ya kulia ikachimba ubao na gari likagoma, magari mengine nyuma yetu yakipiga honi, mpaka mabaharia wakaja kutufungua huku wanatucheka. Salumu akageuza gari tukarudi. Alipozima injini akasema, akitazama mbele, “Basi. Lete bomba yako.” Nikaleta. Mkuu wa karakana alikuwa na binti aliyejifungulia mikononi mwangu, na akanipa mabomba mawili mazuri, mazito ya kutosha, yenye urefu tuliotaka. Tuliyalaza nyuma ya maternite tukingoja mchomeleaji apate umeme. Jioni nilikuwa nikipita pale nayapiga kwa kiganja, kusikia yanavyolia.

Umeme haujafika, ikafika habari ya fete, sikukuu ya chama. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na kila gari la komini lilitakiwa kupita mbele ya jukwaa likiwa limepambwa. Gari la maternite likapewa heshima, ndivyo walivyosema, la kubeba wachezaji wa animasiyo: wasichana watatu kila upande, wamesimama nje, mkono mmoja umeshika paa, wakicheza huku gari linakwenda polepole. Lukundo akasikia kwamba tunatafuta vyuma vya ubavuni na akafurahi sana. Akaja mwenyewe uani kwetu. Akayatazama mabomba yangu, akayasukuma kwa ncha ya kiatu, akauliza muntu atasimamaje juu ya kitu ya mviringo. Kisha akaonyesha alichokuja nacho kwenye mkokoteni: plake mbili, vipande virefu vya sakafu ya jahazi la chuma lililozeeka bandarini, vipana kama ubao wa kulalia, vyenye michirizi ili mguu usiteleze. Na ili kujua viwekwe kimo gani, akamwita Faila.

Faila alikuwa msichana wa Alunguli, aliyekuwa akiuza maandazi kwenye kituo cha baki, na sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo zote za animasiyo ya komini. Aliletwa akiwa amevaa kikwembe cha fete, kitenge chenye sura ya Kiongozi kifuani na makalioni, kimemkaza hadi chini ya magoti kama ilivyotakiwa. Lukundo akaamuru matofali yapangwe kando ya gari. Faila akapanda juu ya tofali moja, akashuka; wakaongeza la pili, akapanda; wakaongeza tena, kikwembe kikamkatalia. Akajaribu kuinua mguu, akayumba, akacheka huku mkono umefunika mdomo. “Siwezi, Sitwayeni Prezida, nguo itapasuka.” Basi Lukundo akainama, akachora mstari kwa chaki kwenye tairi, pale mguu wa Faila ulipofika bila taabu. Ulikuwa chini sana. Ulikuwa chini ya shasi, chini ya kila kitu, mahali ambapo mawe ya njia ya Kampene yanapita kila siku. Hivyo ndivyo mbavu za gari la wanawake wenye uchungu zilivyochaguliwa, kwa kubana kwa kikwembe. Ninaandika haya na meno yangu yameumana.

Tuliitwa kwenye kikao. Chumba cha mikutano cha komini kilikuwa na picha kubwa ukutani, mapazia ya kijani na meza ndefu ambayo haikuwahi kuwekewa chakula. Nilisimama, nikasema nilichokuwa nacho. Nilisema plake itaning’inia chini, na kwa kuwa haitafika kwenye shasi itafungwa kwenye bodi, na jiwe la kwanza litaikunja juu ya milango, na mlango utafungika na mgonjwa atabaki ndani. Nilisema kwa adabu, na “sitwayeni” kila mahali palipotakiwa. Lukundo akatabasamu. “Sitwayeni Feza, unazalisha wanawake ao unazalisha magari?” Chumba kizima kikacheka. Akaendelea, “Tusikie shofele. Yeye njo mwenye kujua gari.” Nikapumua. Nikajua yamekwisha, maana Salumu atayasema yale aliyokuwa akiyasema jikoni asubuhi ile ile, kwamba yule mwanamume hajui tofauti ya shasi na sahani. Salumu akasimama. Alikuwa ameshika kofia yake mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Hakunitazama. Akasema, “Sitwayeni Prezida, plake iko muzuri.” Wakapiga makofi, akakaa.

Mchana ule jikoni sikumnawisha mikono. Aliketi mbele ya sinia, sombe inapoa, mpishi amejitia hamnazo akikoroga chungu kitupu. Nikamuuliza mbona. Akasema kwa sauti ya chini, “Feza, unakumbuka ule mwalimu wa Alunguli aliuliza sukari ya koperative iko wapi? Muke wake angali anapeleka chakula ku gereza. Miye niko na watoto.” Nikamwambia, “Na wale tutabeba, watoto wao wako wapi?” Akasema fete ikipita tutakata plake zote mbili na kuweka mabomba, ananiapia. Nikamjibu kwamba kiapo cha jikoni ni moshi. Ni kweli alikuwa na watoto. Nimelipima jambo hilo maisha yangu yote, nikilirudia na kulirudia, na kila mara nafika mahali pale pale: najua alichoogopa, na bado nina hasira. Sioni kwa nini moja liondoe jingine.

Umeme ulipatikana kwa ajili ya fete, plake zikachomelewa kwenye bodi, na fete ikapita. Wasichana walicheza ubavuni mwa gari, Faila mbele upande wa kulia, sauti yake inapita juu ya ngoma, na mgeni alipiga makofi. Kwenye mlango wa nyuma walikuwa wamechomelea fremu ya kubebea picha ya Kiongozi, kubwa kuliko mlango wenyewe. Kesho yake nikaenda nyuma ya maternite kuyatazama mabomba yangu. Hayakuwepo. Niliyaona mchana, nilipopita mbele ya ofisi ya komini: yalikuwa yameunganishwa moja juu ya jingine, yamepakwa rangi nyeupe, yamesimamishwa kuwa mlingoti wa bendera. Tangu siku hiyo kila asubuhi filimbi ilipolia, tulisimama wima kama sheria ilivyotaka, sisi na wapita njia na hata mwanamke aliyekuwa anakuja kwetu ameshikwa na uchungu, na mimi nilikuwa nikiyatazama mabomba yangu yakipandishiwa bendera. Nilipomuuliza Lukundo lini plake na fremu zitatolewa, alisema fete nyingine iko njiani. Ilikuwa kweli. Wakati ule fete nyingine ilikuwa njiani daima.

Faila akaolewa na mchimbaji wa madini wa njia ya Kampene, akahamia huko. Alikuja kwangu mara moja kupimwa, tumbo limechomoza, akaniletea maandazi na akasema kule hakuna animasiyo nyingi, wanacheza siku ya Jumamosi tu. Ujumbe wa kutuita tumfuate ulipotufikia, ulikuwa msimu wa mvua. Tulimkuta amekaa na uchungu muda mrefu kuliko inavyostahimilika, damu imeanza kidogo. Tukampakia nyuma, mimi kando yake, mumewe akabaki kutafuta watu wa kumtolea damu, aje nao kwa lori. Salumu aliendesha vizuri. Hilo lazima niliseme. Alipita mahali ambapo mwingine asingepita. Kabla ya kufika Kalima kulikuwa na mteremko uliochimbwa na maji, ukuta wa udongo upande wa kushoto na jiwe moja upande wa kulia, jiwe ambalo gari lile lilikuwa limelipita mara nyingi kabla ya kuvalishwa ngazi za wachezaji. Plake ya kulia ikalinasa. Nikasikia chuma kikipanda, kikikunjika, kikilala juu ya milango yote miwili ya upande ule, na gari likasukumwa likaegemea ukuta upande wa pili. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa na fremu ya picha. Injini ikazima, mvua ikasikika.

Salumu alitoka kwa kujikunja kupitia dirisha la mbele, akaanza kuinua gari kwa kiriki, ile jeki ya gari, na kiriki kikazama kwenye tope. Akavuta plake kwa mikono hadi ikamchana viganja. Halafu akakimbia kwenda kijijini. Nilibaki na Faila kwenye kiti ambacho hakikutosha kumlaza, nimeweka mgongo wake kifuani mwangu, na damu haikuwa kidogo tena. Niliyojifunza yote yalihitaji kitu ambacho sikuwa nacho, nafasi ya kumlaza chali, maji, mtu wa pili. Nilikuwa naongea tu. “Ngoja kidogo, mamangu. Watu wanakuya na shoka.” Akafungua macho akauliza, “Mama Feza, ni ile ngazi yetu njo imefunga mulango?” Nikamwambia ndiyo. Akacheka kidogo, akainua mkono kufunika mdomo, kama siku ile ya matofali. Miguu yake ilikuwa imesukuma mlango muda wote, bila yeye kujua nadhani. Watu walikuja na shoka, wakapasua mlango. Tulimtoa yeye na mtoto ambaye hakuwahi kulia, tukawalaza kwenye majani, na mmoja wa wanaume akavua shati akawafunika.

Kulikuwa na kikao kingine, chumba kile kile, mapazia yale yale. Lukundo alisema shofele alikimbiza gari. Mimi nilisema yote: chaki, kikwembe, mlingoti, fremu. Hakuna aliyecheka safari hii, na hakuna aliyeandika. Kisha wakamgeukia Salumu, viganja vyake bado vimefungwa vitambaa, na nikangoja. Nilikuwa bado nina ujinga wa kungoja. Akasema, “Kosa iko yangu. Niliingia mubaya.” Wakamweka ndani majuma machache, wakamtoa, wakamrudishia kazi. Mimi nikapewa karatasi ya kuhamia Punia, msituni, mahali ambapo hakukuwa na gari lolote la kulizungumzia. Nikaondoka bila kumuaga. Nilizalisha watoto wa Punia hadi nikastaafu, nikaolewa huko, nikazeeka huko, na kila aliyekuja kutoka Kindu akiniletea salamu za Salumu nilimwambia asirudi na jibu.

Matangani, wageni walipoanza kunawa, Zaina, mjane wake, alinijia akanishika mkono. Hatukuwahi kuzoeana. Nikamuuliza kile chuma kimefikaje hapa. Akasema, “Alikata yeye mwenyewe siku alitoka gereza, akakileta mabegani. Watu walitaka kununua, alikatala. Alikuwa anasema, hii chuma iko ya Mama Feza, siku atafika ataniambia niitupe wapi. Alitueleza yote, Mama. Watoto wote wanajua jina ya Faila.” Alinitazama akitumaini. Ningependa kuandika kwamba hasira iliniisha pale. Haikuisha. Nililia, kwa sababu nilimwona Salumu akilini mwangu akiubeba mzigo ule mabegani, na nikalia zaidi kwa sababu aliyasema nyumbani. Sote tulisema nyumbani. Nchi nzima ilisema jikoni, mlango umefungwa, sufuria zinachemka, halafu ikatoka nje kupiga makofi. Watoto wake wanalijua jina la Faila, na mtaa mzima ulikuwa umetoka kusikia kwamba baba yao hakukatala neno ya wakubwa.

Nikamfuata Lukundo kwenye kiti chake. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamshika mkono, nikamwambia, “Papa Lukundo, ile kiti iko ku jua. Kuya tuikale hapa.” Wazee wakampisha. Aliketi kwenye chuma, na kwa kuwa kilikuwa chini alishuka kwa kishindo, magoti yakamfika karibu na kidevu. Mimi sikuketi. Nikamuuliza kama anakijua. Akapapasa michirizi kwa vidole, akaendelea kupapasa, nikaona vidole vinajua kabla ya yeye kutaka kujua. Nikamwambia kwa sauti ambayo wote waliokuwa uani waliisikia, “Faila njo alisimama hapo. Na nyuma ya hiyo chuma njo alikufa, na mutoto wake.” Wanawake wakaacha sahani. Lukundo akanitazama, macho mekundu ya uzee. “Feza, ile wakati njo ilikuwa vile. Hapakuwa namna.” Nikasema, “Faila alikuwa na ile wakati tu, Papa. Hakupewa ingine.”

Akataka kuinuka. Alisukuma fimbo chini, akajaribu, akarudi chini, akajaribu tena. Chuma kile ni cha chini mno kwa miguu ya mzee. Wajukuu wake walikuwa mbali, kwenye ndoo ya kunawia. Akaninyoshea mkono nimwinue. Nikabaki nimesimama mbele yake, mikono yangu nyuma.

“Ngoja kidogo, Papa,” nikamwambia. “Watu wanakuya na shoka.”